Mpaka Ulihama, Wao Walibaki

Mvua kubwa ikinyesha usiku, mtu aliyelala chini ya paa la bati hasikii hata anachosemezwa na aliye ubavuni pake. Mshindo ule mnaujua. Sasa kesho jua likitoka, tafuteni bati jipya mlitazame kwa karibu. Mtaona juu yake madoa yanayometameta, kila doa na kingo zake, kama vipande vya kioo kilichopasuka kikaungwa tena. Hiyo ni zinki. Bati ni chuma, na chuma na maji hawapatani. Bila lile koti jembamba la zinki, paa lenu lingeshika kutu na kutoboka katika masika machache tu.

Zinki huchimbwa ardhini. Na huko Ulaya kuna mahali ambapo zinki iligombewa mpaka ikazaa kinchi kisichokuwa cha mfalme yeyote. Habari za mahali hapo na majirani zake ndizo ninazotaka kuwasimulia leo. Ni habari za watu ambao kwa zaidi ya miaka 100 wakubwa walikaa mezani wakiamua wao ni wa nani, na wenyewe hawakuulizwa. Mara moja walipoulizwa, waliulizwa kwa namna ambayo ingekuwa heri wasingeulizwa kabisa. Tutafika huko.

Kijiji chenyewe kinaitwa Kelmis. Wasemao Kifaransa hukiita La Calamine, na majina yote mawili yametoka kwenye jina la lile jiwe lenye zinki. Ukifungua ramani leo utakikuta Ubelgiji, mashariki kabisa, karibu na pale inapogusana na Ujerumani na Uholanzi. Lakini ukishuka kwenye basi, watu watakusalimu kwa Kijerumani.

Mwanzoni mwa karne ya 19 eneo lote hilo lilikuwa la Ufaransa, chini ya Napoleon. Mtu mmoja wa Liège, Jean-Jacques Daniel Dony, alipewa ruhusa ya kuchimba pale Kelmis. Kazi ya kutoa zinki kwenye jiwe si nyepesi, maana zinki ikikutana na moto mkali hugeuka mvuke ikapaa, nawe ukabaki na majivu. Dony alihangaika miaka mpaka akabuni tanuri lililoweza kuukamata mvuke ule na kuurudisha kuwa zinki. Akamtengenezea Napoleon beseni la kuogea la zinki, na beseni hilo limehifadhiwa Liège hadi leo. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1819 akiwa fukara, na utajiri wa mgodi ukawaendea wengine. Huwa namkumbuka Dony kila ninaposikia mvua juu ya bati.

Napoleon aliposhindwa, wafalme wa Ulaya walikutana Vienna mwaka 1814 na 1815 kuigawa upya ramani. Mji wa Eupen wenye viwanda vya nguo, mji wa St. Vith na vijiji vyake, na mji wa Malmedy, ambao watu wake wengi husema Kifaransa, vyote vikapewa Prusia, lile dola kubwa la Wajerumani. Upande wa magharibi ukapewa Uholanzi, kwani wakati huo Ubelgiji ilikuwa haijazaliwa. Lakini Kelmis je, yenye mgodi? Prusia ikasema ni yetu, Uholanzi nayo ikasema ni yetu.

Mmeona majirani wawili wakigombea mwembe ulioota katikati ya mashamba yao? Kila mmoja anadai shina liko kwake. Mwisho wazee wanawaambia: basi, mwembe usiwe wa mtu, tutaonana baadaye. Ndivyo walivyofanya wale wafalme. Mwaka 1816 wajumbe wao walikutana Aachen wakapatana kwamba kipande cha katikati kisiwe cha upande wowote mpaka watakapokubaliana.

Chukueni kijiti mchore mchangani. Chini choreni mstari uliolala: hiyo ni barabara itokayo Aachen kwenda Liège. Kutoka kila ncha yake pandisheni mstari, mistari hiyo miwili ikutane juu, kwenye kilima. Kilima hicho ni Vaalserberg, chenye urefu wa mita 322. Mtu wa Moshi hatakiita hata kilima, lakini Waholanzi, ambao nchi yao ni tambarare kama mkeka, hupanda pale kwa furaha kubwa wakijua kwamba ndipo mahali pa juu kuliko pote katika Uholanzi ya Ulaya. Pembetatu mliyoichora ndiyo nchi yenyewe, Moresnet isiyo ya upande wowote. Eneo lake lote lilikuwa kilomita za mraba tatu na nusu hivi. Mtu mwenye miguu mizima angeivuka kutoka magharibi kwenda mashariki chai yake ikiwa bado ya moto.

Mwanzoni watu wake walikuwa kama 250. Lakini mgodi ukanoga. Kampuni iliyouendesha iliitwa Vieille Montagne, maana yake Mlima Mkongwe, na zinki yake ikaenda kufunika mapaa ya Paris. Watu wakahamia kwa wingi. Kodi ilikuwa ndogo, na kwa miaka mingi ya mwanzo vijana hawakuitwa jeshini, sijui kama mnaelewa hilo lilimaanisha nini kwa mama mwenye watoto wa kiume katika karne ile ya vita. Hadi mwaka 1914 wakazi walikuwa wamepita 4,000.

Je, waliishije bila mfalme wala rais? Walikuwa na meya. Walikuwa na mgambo mmoja wa kulinda usalama. Sheria walizotumia ni zile zile za Napoleon, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuzibadilisha. Nchi jirani zilipopiga hatua katika sheria zao, Kelmis ilibaki na kitabu cha zamani. Mahakama hawakuwa nayo. Mwenye kesi alipelekwa Ubelgiji au Prusia. Nasema Ubelgiji kwa sababu mwaka 1830 Wabelgiji walijitenga na Uholanzi, wakarithi na ule ugomvi wa mwembe. Na juu kule Vaalserberg, pale mistari yenu miwili inapokutana, nchi nne zikawa zinagusana: Uholanzi, Ubelgiji, Prusia na hii ndogo. Mipaka ya pembetatu iliwekewa mawe, takriban 60, na mengi bado yamesimama msituni na kando ya mashamba, yameota ukungu wa kijani. Nchi waliyoizunguka haipo tena. Mawe yapo.

Mwaka 1885 zinki ya mgodi huo ikaisha. Ungetegemea kwamba mwembe ukikauka ugomvi nao utakwisha, lakini wapi. Ubelgiji na Prusia ziliendelea kuvutana kwa sababu ya kuvutana. Na hapo ndipo watu wa Kelmis wakaanza kujiuliza wenyewe: sisi ni nani? Daktari wa mgodi, Wilhelm Molly, alianzisha posta yenye stempu zake mwaka 1886, ikapigwa marufuku upesi. Hakukata tamaa. Mwaka 1908, yeye na wenzake wakiwa wamekwisha kujifunza Kiesperanto, ile lugha iliyobuniwa ili watu wa mataifa yote wapate mahali pa kukutania, walitangaza kwamba pembetatu yao iwe nchi ya Waesperanto. Jina walilolichagua ni Amikejo, Mahali pa Urafiki. Wakafanya mkutano, wakawa na wimbo wao wa taifa.

Wengine wakisimulia jambo hili hucheka. Mimi silicheki hata kidogo. Fikirini mahali ambapo jirani wa kulia anasema Kijerumani, wa kushoto Kifaransa, wa kaskazini Kiholanzi, na nyumbani kuna lahaja isiyofanana sawasawa na lugha yoyote kati ya hizo. Kila lugha ina jeshi nyuma yake. Daktari mmoja anasema: tutafute lugha isiyo na jeshi. Sisi tuliokulia katika Kiswahili, lugha iliyowakutanisha sokoni watu wa makabila mengi, tuna sababu ya kumwelewa.

Tarehe 4 Agosti 1914 majeshi ya Ujerumani yaliingia Ubelgiji, na moja ya njia walizopita ni kijiji cha Gemmenich, kando kabisa ya pembetatu. Mahali pa Urafiki hapakuwa na hata bunduki moja. Mwaka 1915 Prusia ikakimeza kile kinchi.

Sasa nataka tufanye hesabu kwa vidole. Mchukue mtoto aliyezaliwa Kelmis mwaka 1905, mzaliwa wa wazaliwa wa pale. Hatahama kijiji chake maisha yake yote. Kunja kidole cha kwanza: amezaliwa mtu wa nchi isiyo ya upande wowote. Kidole cha pili: ana miaka 10, amefanywa raia wa Prusia. Vidole vingine vinakuja.

Ujerumani ilishindwa vita mwaka 1918. Mwaka uliofuata, tarehe 28 Juni 1919, mkataba wa amani ulitiwa saini Versailles, Ufaransa. Ubelgiji ilikuwa imeumizwa sana na vita ile, miji yake imechomwa, raia wake wameuawa, nayo ikadai fidia. Ikapewa Eupen, Malmedy, St. Vith na ile pembetatu. Na hapa habari hii inagusa nyumbani kwetu, maana ni mkataba huohuo ulioivua Ujerumani makoloni yake yote. Afrika Mashariki ya Kijerumani ikagawanywa: Tanganyika ikawa chini ya Uingereza, pembe ndogo ya Kionga huko kusini ikachukuliwa na Wareno, na Ruanda-Urundi ikawa chini ya Ubelgiji. Kwa hiyo mkulima wa Eupen na mkulima wa Gitega, huko Urundi, walibadilishiwa bendera kwa wakati mmoja, kutoka mkono uleule kwenda mkono uleule. Tofauti ni kwamba Gitega hakuna aliyejisumbua hata kujifanya anauliza.

Eupen walijifanya. Mkataba ulisema kwamba kwa muda wa miezi sita yafunguliwe madaftari, na yeyote asiyetaka nchi hiyo iwe ya Ubelgiji aende akaandike jina lake. Likisomwa haraka linasikika kama haki. Hebu tuingie ndani tulione.

Wewe ni mtu wa kijijini, kusini mwa St. Vith. Mwaka ni 1920. Vita imekwisha, chakula ni cha mgao, na bila kadi ya mgao watoto wako hawali. Daftari haliko kijijini kwako. Yako mawili tu: moja Eupen, jingine Malmedy. Unafunga safari. Unafika ofisini. Aliyekaa nyuma ya meza ni afisa wa Ubelgiji, serikali ileile unayotaka kuikataa. Hakuna sanduku la kura wala pazia. Unatakiwa umtazame usoni, utaje jina lako, useme unaikataa serikali yake, kisha uandike jina hilo kwa mkono wako litakakobaki milele. Na huko njiani umesikia yanayosemwa na kila mtu: atakayesaini atanyang'anywa kadi ya mgao, au atafukuzwa avuke mpaka na mizigo yake.

Ungeandika?

Waliokuwa na haki ya kuandika walikuwa 33,726. Walioandika ni 271. Shirikisho la Mataifa likazitazama tarakimu hizo na kuidhinisha kwamba watu wameridhika. Nimesoma habari nyingi za kura zilizoibwa, na nyingi huibwa usiku. Hii iliibwa mchana, daftari likiwa wazi mezani, na kila jambo likiwa limeandikwa kwenye mkataba. Wenyeji waliipa jina la kichungu ambalo kwa Kiswahili tungesema igizo la kura. Sisemi kwamba wote 33,455 waliobaki walitaka Ujerumani. Nina hakika hawakutaka wote. Ninachosema ni kwamba hatutajua kamwe, na hiyo ndiyo hasara yenyewe. Ukimnyima mtu nafasi ya kusema, humpotezei yeye tu. Unajipotezea na wewe jibu lake.

Kidole cha tatu: mtoto wetu wa Kelmis ana miaka 15, ni Mbelgiji.

Kwa miaka mitano ya kwanza eneo hilo liliendeshwa na jenerali mmoja, Herman Baltia, aliyeshika mamlaka yote mkononi. Waziri Mkuu wa Ubelgiji alimweleza kwamba atakuwa kama gavana wa koloni, tofauti tu ni kwamba koloni hilo limegusana na nchi mama. Mnasikia? Neno lilelile lililotumika kwa Kongo. Mwaka 1926 kukawa na mazungumzo ya siri ya kuirudishia Ujerumani eneo hilo kwa malipo ya marki milioni 200 za dhahabu, kwa kuwa Ubelgiji ilikuwa na shida ya fedha. Ufaransa ikapinga, biashara ikavunjika. Watu wenyewe, na ng'ombe wao, na makaburi ya babu zao, walikuwa wamewekwa kwenye mizani bila habari.

Kabla hatujafika kwenye vita ya pili niwaonyesheni jambo moja la ajabu. Kulikuwa na reli iliyojengwa na Prusia, inaitwa Vennbahn, kutoka Aachen kupita kwenye nyanda za matope na ukungu hadi kusini, Luxemburg. Ilikuwa ikiingia na kutoka sehemu zilizobaki Ujerumani na zile zilizopewa Ubelgiji, kama uzi wa fundi cherehani. Ubelgiji ikasema reli yote ni yetu, pamoja na ardhi iliyo chini yake. Ikapewa. Basi hata pale reli ilipopita ndani ya Ujerumani, ule ukanda mwembamba wa mataruma na kokoto ukawa Ubelgiji. Vijiji vya Wajerumani vilivyokuwa ng'ambo ya reli, kama Mützenich, vikajikuta vimekuwa visiwa bila bahari: mbele Ubelgiji, nyuma reli, na reli nayo ni Ubelgiji. Ilivyo hadi leo ni hivyohivyo, ingawa treni haziendi tena. Njia imelainishwa kuwa ya baiskeli, kama kilomita 125. Unakanyaga pedali, upande wako wa kulia nyumba ya Mjerumani, upande wa kushoto nyumba ya Mjerumani, na magurudumu yako yako Ubelgiji.

Tarehe 10 Mei 1940 Ujerumani ya Hitler iliivamia Ubelgiji, na siku nane baadaye Hitler akatangaza kwamba Eupen, Malmedy na Moresnet zimerudi Ujerumani. Wapo waliotoka barabarani kushangilia na bendera. Hilo lisifichwe. Wapo pia waliofunga madirisha. Mjini Eupen kulikuwa na gazeti la Kijerumani lililoitwa Grenz-Echo, yaani Mwangwi wa Mpakani, lililokuwa likimpinga Hitler kwa miaka kadhaa, likafungwa. Familia moja ingeweza kuwa na kaka anayeshangilia na kaka anayejificha, wakala meza moja.

Kidole cha nne: mtoto wetu ni mtu mzima wa miaka 35, na ni Mjerumani.

Kisha barua za jeshi zikaanza kufika. Zaidi ya vijana 8,000 wa eneo hilo walivalishwa sare za Ujerumani na wengi kupelekwa kupigana Urusi. Maelfu hawakurudi. Wengine walitoroka wakajificha misituni na kwenye dari za nyumba, wakijua kwamba wakikamatwa ni kifo, na kwamba wazazi wao nao watataabishwa.

Wamarekani walifika Septemba 1944, na watu wakadhani yamekwisha. Desemba ile Wajerumani wakarudi ghafla katika theluji, wakaiteka tena St. Vith. Siku ya Krismasi na siku iliyofuata ndege za Marekani na Uingereza ziliushambulia mji kwa mabomu ili kuziba barabara za Wajerumani. Mamia ya raia na askari walikufa. Mji mzima ukalala chini. Kati ya vichache vilivyobaki ni mnara mmoja wa mawe wa zama za kale, Büchelturm, na mnara huo bado upo. Ukitembea St. Vith leo utaona nyumba zote ni za juzi, kisha unakata kona, unakutana nao peke yake.

Kidole cha tano: Mbelgiji tena. Mkono umekunjwa wote.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya aibu na kimya. Machoni pa Wabelgiji wengine, aliyevaa sare ya Ujerumani alikuwa msaliti, hata kama alivalishwa kwa nguvu. Serikali ilifungua majalada ya uchunguzi zaidi ya 15,000 katika eneo lenye watu kama 60,000, watoto wachanga wakiwemo. Hesabuni wenyewe ni nyumba ngapi zilibaki bila jalada. Kijerumani kikasukumwa pembeni shuleni. Baba aliyerudi kutoka Urusi bila mguu hakuwasimulia wanawe kitu, nao wakajifunza kutouliza.

Watoto wa mpakani, hata hivyo, walikuwa na shughuli zao. Kahawa upande wa Ubelgiji ilikuwa rahisi. Upande wa Ujerumani ilitozwa kodi kubwa mno. Basi magendo yakaanza, na waliobeba walikuwa mara nyingi watoto wa rika lenu. Walivuka mpaka kwa makundi makubwa, wote mbio kwa pamoja, kahawa imefungwa ndani ya nguo, wakijua kwamba askari wa forodha atakamata mmoja au wawili na wengine watapita. Katika kijiji cha Schmidt, upande wa Ujerumani, kanisa lililobomolewa na vita lilijengwa upya kwa msaada wa fedha za wavushaji, watu wakalibandika jina la Mtakatifu Moka. Lakini msidhani ulikuwa mchezo. Forodha walipiga risasi za moto, na watu walikufa gizani kwa ajili ya gunia la kahawa. Mwaka 1953 Ujerumani ilipoipunguza kodi ile, magendo yakanyauka.

Ugomvi wa nchi yenyewe je, ulikwishaje? Hapa ndipo ninapopapenda zaidi, kwa sababu haukwisha kwa kuusogeza mpaka. Mpaka ulibaki karibu palepale ulipokuwa. Mwaka 1956 Ubelgiji na Ujerumani Magharibi zilirekebishana vipande vidogo tu, zikapeana mikono. Kilichobadilika ni mambo ya ndani. Waflemi na Wavaloni, yale makundi mawili makubwa ya Ubelgiji, walikuwa wakigombania lugha zao kwa nguvu, na katika kugawana wakalazimika kumkumbuka na yule mdogo wa tatu. Sheria za mwaka 1963 zikaweka eneo la lugha ya Kijerumani. Na tarehe 23 Oktoba 1973, mjini Eupen, kikao cha kwanza cha baraza la wasemao Kijerumani kikafunguliwa.

Mtoto wetu wa 1905 alikuwa na miaka 68. Namwona akilini akiwa na kofia mkononi, kiti cha nyuma. Bendera nne zilikuwa zimepita juu ya kichwa chake, moja ikapita mara mbili, na zote zilikuja na tangazo lililokwisha kuandikwa. Sasa mbele yake wamekaa watu 25 wenye lahaja kama yake, wanabishana kwa lugha aliyoimbiwa na mama yake, wakiwa Wabelgiji, na hakuna anayewaambia wachague kimoja.

Baraza hilo lilikua. Mwaka 1984 likapata serikali yake na haki ya kutunga sheria. Baadaye elimu yote ikawa mikononi mwake. Leo ni bunge la watu wapatao 79,000 katika wilaya ndogo tisa, kutoka Kelmis hadi Burg-Reuland. Kijerumani ni lugha rasmi ya tatu ya Ubelgiji. Malmedy haimo, kwa kuwa watu wake husema Kifaransa, lakini Kijerumani kina haki zake pale. Hata timu ya mpira ya Eupen ina habari yake: mwaka 2012 ilinunuliwa na taasisi ya Aspire ya Qatar, ikajaa vijana kutoka Nigeria, Senegal na Ghana, na 2016 wakaipandisha tena daraja la kwanza, huku mabibi wa Eupen wakijifunza kutamka majina ya Dakar na Accra.

Ukienda Kelmis mwezi Mei au Juni, tembea hadi kwenye vilima vya mabaki ya mgodi. Udongo wake umejaa zinki kiasi cha kuua mimea mingi. Lakini kuna ua dogo la manjano, aina ya urujuani, ambalo limezoea sumu ile na sasa huota kwenye udongo kama huo wa eneo hilo, karibu halipatikani kwingine duniani. Liinamie ulitazame: petali tano, na mistari myembamba myeusi ikielekea katikati, kama kalamu ya mtu mwenye subira.

Na jambo la mwisho, kwa ajili yenu hasa. Mwaka 2019 bunge la Eupen lilianzisha utaratibu mpya. Lina baraza la raia 24 wanaopatikana kwa kura ya bahati, kama kuchomoa karatasi kwenye kofia, nao huchagua mambo ya kujadiliwa: kwanza ilikuwa namna ya kuwatunza wagonjwa na wazee. Kisha raia wengine, nao wa kura ya bahati, hukaa wakalijadili jambo hilo na kuwapelekea wabunge mapendekezo, na wabunge wanapaswa kuwajibu. Muuguzi anaweza kuitwa, fundi anaweza kuitwa, na umri wa kuanzia ni miaka 16. Kwa hiyo asubuhi moja katika Kelmis ileile, msichana ambaye hajamaliza shule anaweza kufungua sanduku la barua mlangoni, akakuta bahasha yenye jina lake, na ndani yake serikali inamuuliza kama yuko tayari kuja kutoa maoni yake.